Nilihesabu ndege wale wale mara mbili

Januari 2019 niliandika namba 810 kwenye karatasi ya kuhesabia ndege kule Mida, pwani ya Kenya, nikaipigia mstari chini kwa furaha. Namba ile haikuwa ya kweli. Sikukusudia kumdanganya mtu, lakini karatasi haijui nia ya mwandishi. Kila mwaka vijana huniuliza namna ya kujitolea kwenye hesabu ya ndege wa majini, na nikiwasimulia mazuri peke yake nitakuwa nimewaacha wakanyage nilipokanyaga mimi.

Mimi ni fundi simu, Malindi. Sikusomea wanyama. Siku moja mteja aliniletea simu iliyoingia maji ya chumvi, na nilipofanikiwa kuiwasha nikakuta imejaa picha za ndege wa pwani. Nilipomuuliza, akaniambia kwamba kila katikati ya Januari watu hutoka katika nchi nyingi, siku zinazokaribiana, wakaenda kuhesabu ndege wa majini. Hesabu hiyo ya kimataifa ilianza mwaka 1967 na inaratibiwa na Wetlands International, shirika la kimataifa la ardhi oevu, yaani mahali penye majimaji. Kwetu Kenya imefanyika tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikiwahusisha wataalamu wa Makumbusho ya Taifa, KWS (shirika la wanyamapori) na chama cha mazingira cha Nature Kenya, na sehemu kubwa ya miguu inayokwenda huko topeni ni ya watu wa kujitolea. Januari imechaguliwa kwa sababu wageni wa kaskazini, wanaozaliana hadi kule Siberia, huwa wameshatulia kwetu wakila. Ukisubiri Aprili utakuwa unahesabu abiria stendi, wengine wanapanda, wengine wanashuka.

Nikasema nitakwenda. Nilidhani kazi ni kuwa na macho mazuri, na ufundi wa simu umenizoesha kutazama vitu vidogo.

Mwaka wa kwanza, Januari 2018, nilikosea karibu kila kitu. Mida ni mkono wa bahari ulio kati ya Watamu na msitu wa Arabuko-Sokoke. Maji yakipwa linabaki tope pana hata macho yanachoka, na kando yake mikoko. Kiongozi wa kundi letu, mwalimu mstaafu ambaye sote tunamwita Mama, alikuwa amesema tukutane saa nane mchana. Mimi nikafika saa nne asubuhi nipate kuzoea mahali. Nilichoona ni vitone. Ndege walikuwa wametawanyika mbali kabisa, na joto lilikuwa linatetemesha hewa juu ya tope mpaka kitone kimoja kikawa viwili. Nilikaa saa nne nikiwa sijatambua hata ndege kumi.

Mama alipofika alinitazama, akatazama bahari, akaniuliza, "Mwanangu, mwezi umeandama lini?" Sikujua. Umeandama siku tatu zilizopita, akasema, kwa hiyo ni bamvua: maji yamekupwa sana, na jioni yatajaa sana. Ndege wa topeni hufuata maji. Yakipwa wanasambaa kula. Yakijaa tope linafunikwa kidogo kidogo, nao wanasukumwa karibu karibu mpaka wanabanana kwenye fungu la mchanga ambalo bado liko juu. Hapo ndipo wanapohesabika. Mtu akienda siku ya maji mafu, yaani yasiyopanda sana wala kupwa sana, mafungu hayafunikwi vizuri, na ndege hawakusanyiki.

Nilizaliwa pwani, na wavuvi wa mtaani kwetu hupanga maisha yao yote kwa bamvua na maji mafu. Niliona haya kwamba ilibidi nikumbushwe. Kwa hiyo kabla ya kuuliza habari ya darubini, uliza jedwali la maji, au muulize mvuvi yeyote. Uwe umefika mahali pako muda wa saa tatu kabla ya maji kujaa.

Darubini nayo ilikuwa hasara. Niliinunua barabarani kwa sababu muuzaji alisema inavuta mara ishirini. Inavuta kweli, lakini inavuta na mtikisiko wa mkono, na mwanga wake ni hafifu kiasi kwamba ndege wote ni weusi. Baadaye nilipata iliyotumika, 8x42, kwa shilingi 9,000. Namba ya kwanza ni mara inazokuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Nane kwa arubaini na mbili inatosha kwa kazi nyingi. Wale wa mbali wanahitaji darubini kubwa ya miguu mitatu, na hiyo mara nyingi kundi linayo moja. Usijinyime kodi ya nyumba ili ununue yako. Na ukienda Mida usivae ndala. Tope lake lina maganda ya chaza yanayokata kama wembe, na mimi nina alama kwenye unyayo wa kulia mpaka leo. Viatu vya kufungwa vilivyochakaa, shati la rangi ya udongo, kofia, maji lita mbili. Shati langu jeupe liliwafukuza sululu, ndege wa mdomo mrefu uliopinda, mara mbili kabla Mama hajanipa leso yake nijitande.

Jioni ile, maji yalipoanza kuingia, nilijifunza kuhesabu, na nataka nilieleze hili taratibu kwa sababu ndilo lililo moyo wa kazi.

Ndege mia tano hawahesabiki mmoja mmoja. Wanatembea, wanapishana, wengine wanaruka. Mama alinifundisha nihesabu kumi wa kwanza kwa uangalifu, kisha nitazame hiyo kumi inachukua nafasi gani machoni, kama mtu anayepima kibaba cha mchele. Halafu niipeleke juu ya kundi: kumi, ishirini, thelathini, mpaka mia. Nikishajua mia inavyoonekana, niende kwa mia. Lakini kundi halilingani. Katikati wamebanana na pembeni wamejitenga, kwa hiyo kibaba cha katikati kinakuwa kidogo kuliko cha pembeni. Ukisahau hilo, unapunguza kundi kubwa karibu nusu. Ukimaliza kutoka kushoto kwenda kulia, rudi kutoka kulia kwenda kushoto. Namba mbili zikiachana sana, anza upya. Na mwenzako ahesabu kivyake bila kukuambia alichopata, maana ukishasikia "mia tatu" jicho lako litaitafuta hiyo mia tatu mpaka liione.

Tulihesabu hivyo mpaka jua linazama. Vitwitwi walikuwa wanakimbia ukingoni mwa maji kama punje zilizomwagika, yangeyange wamesimama kwenye mikoko, na upepo wa kaskazi unatupiga usoni. Nilirudi Malindi usiku, mguu umefungwa kitambaa, nikiwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata dukani kwa muda mrefu.

Mwaka uliofuata Mama aliniamini, akanipa kituo changu peke yangu. Hapo ndipo ilipotokea ile 810.

Kuna ndege mmoja Mida ambaye sisi tumezoea kumwita mla-kaa. Mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu, na mdomo mweusi mnene unaovunja gamba la kaa. Ndege huyu anazaliana kwenye fukwe na visiwa vya upande wa Ghuba, Oman, Bahari ya Shamu na Somalia, anachimba shimo mchangani na kutaga yai moja humo. Kisha anashuka kwetu, njia ile ile ya majahazi ya zamani. Duniani kote wanakadiriwa kuwa kati ya 60,000 na 80,000 tu. Niliyasoma hayo yote usiku wa kuamkia hesabu, na nilikuwa na hamu nao mno.

Saa tisa na nusu nilihesabu 420 kwenye fungu la kwanza. Nikarudia, nikapata 412. Nikaandika 420, kosa dogo la kwanza: nilichagua kubwa. Maji yakapanda, wakaruka, wakapita nyuma ya mikoko. Baada ya kama dakika ishirini nikaona kundi limetua kwenye fungu la pili. Nikahesabu 390. Mzee mmoja alikuwa anavuta mtumbwi wake karibu yangu. Akasimama, akaniambia, "Mwanangu, hao wamehama na maji. Ni wale wale." Nikamjibu, "Hapana, Mzee, wale wameelekea kule." Akanyamaza, akaendelea na mtumbwi wake.

Nilimsikia, ila sikutaka kusikia. Nilitaka kundi kubwa. Nikajumlisha, 810.

Wiki tatu baadaye nilipigiwa simu na mtu anayekusanya karatasi. Alikuwa na adabu sana. "Kaka, hizi mia nane na kumi umezipataje? Wenzako wa ng'ambo ya pili wameandika mia nne saa kumi na robo." Nilinyamaza. Alipoona kimya changu hakunikaripia, akanieleza kwa nini amepiga.

Chini ya Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, ardhi hiyo inaweza kutambuliwa kuwa na umuhimu wa kimataifa ikiwa mara kwa mara inatunza ndege wa majini 20,000 au zaidi, au asilimia 1 ya ndege wote wa aina moja. Kenya ina maeneo sita kwenye orodha hiyo: Ziwa Nakuru lilianza mwaka 1990, yakafuata maziwa ya Naivasha, Bogoria, Baringo na Elementaita, na Delta ya Tana mwaka 2012. Asilimia hiyo moja, kwa mla-kaa, iko kati ya 600 na 800. Namba yangu ilikuwa imeuruka mstari wenyewe. Ingeingia kwenye maombi, kwenye ramani, kwenye mipango ya nani ajenge wapi. Halafu Januari inayofuata mtu mkweli angehesabu 400, na yeyote anayesoma angeona ndege nusu wamepotea kwa mwaka mmoja. Watu wangetafuta sumu, wangelaumu wavuvi, kumbe ni kalamu yangu. Na siku ambayo nusu wangepotea kweli, nani angetuamini?

Aliuliza kama napenda irekebishwe au ifutwe. Nilimwambia iwe 400, na aandike kwamba kundi lilihama wakati wa kuhesabu. Usiku ule sikulala vizuri. Kilichoniuma zaidi ni yule mzee. Miaka yote anaishi na maji yale, akanipa jibu bila malipo, nikalikataa kwa sababu hana darubini. Niliporudi Mida nilimtafuta, nikamwomba radhi. Akacheka kidogo, akaniambia ndege wale yeye huwatumia kujua maji yamefika wapi hata kabla hajayaona. Tangu hapo sihesabu kabla ya kumuuliza mtu wa mahali pale jana waliketi wapi.

Siku hizi nafanya hivi: kila kundi naliandikia saa, mahali, idadi, na wakiruka wameelekea wapi. Vituo viwili vinavyotazamana vinahesabu dakika ile ile, tunapigiana simu. Kundi likihama katikati ya hesabu, namba inayobaki ni moja tu, ile ya mahali walipohesabika vizuri zaidi.

Januari 2020 nilipelekwa mlangoni mwa mto Sabaki, kaskazini mwa Malindi. Mvua za vuli za 2019 zilikuwa kubwa mno, na mto ulikuwa bado umenona, mwekundu kwa udongo wa bara. Kipande changu cha ufuo kilikuwa kitupu. Nilikaa saa mbili, nikaona shakwe wachache wakipita juu, basi. Nikaiacha safu nzima bila kuandika chochote, nikijiambia hakuna cha kuandika. Mama akanirudishia karatasi. Nafasi tupu, akasema, maana yake hukwenda, au ulikwenda na hukutazama. Kama ulitazama saa mbili na hakuna, andika 0. Miaka kumi baadaye mtu atakayelinganisha mafuriko na ndege ataihitaji hiyo sifuri kuliko mia tano zako za mwaka mzuri. Niliandika sifuri kumi na nne siku ile.

Sabaki ina hatari yake: viboko. Wako mlangoni mwa mto, na mamba wapo pia. Usiende peke yako, usipite kwenye matete alfajiri, usisimame kati ya kiboko na maji. Tunakwenda na mtu wa kijiji anayejua wamelala wapi, na tunamlipa, kwa sababu yeye hajitolei, anatulinda. Huko Sabaki ndiko nilikoelewa pia kwa nini wengine huhesabu tena Julai. Kuna ndege wadogo wanaozaliana Madagaska ambao huja pale miezi ya kusi, na Januari huwezi kumwona hata mmoja. Aliyehesabu Januari peke yake angeapa kwamba hawapo Kenya.

Sasa pesa, maana watu wanaogopa kuitaja. Kujitolea kuna gharama. Kwangu Jumamosi moja ya kufunga duka ni kama shilingi 2,500 zisizoingia, na Jumamosi ndiyo siku watu wanapokea mishahara ya wiki wakaleta simu. Nauli, boda, chakula, vocha: mwaka 2018 nilitumia 1,850 kwa siku mbili. Kuna kikundi kimoja kiliniahidi kunirudishia nauli ya safari tatu, na sijaiona. Niliumia, kwa sababu niliichukua kwenye hela ya vipuri. Uliza mapema, kwa upole lakini wazi: nauli ipo au haipo, chakula kipo au tujibebee, mtu akiumia nani anampeleka hospitali. Jibu likiwa hakuna, bado unaweza kwenda, ila utakwenda ukijua, na nyumbani watajua pia. Mke wangu hakuwa na shida na ndege. Shida yake ilikuwa kuambiwa Ijumaa usiku.

Karatasi yenyewe iandike kwa penseli. Kalamu ya wino ikipata jasho na maji ya chumvi inafuta kazi ya siku nzima, na nimeliona hilo kwa macho. Ukimaliza ipige picha palepale, kabla hujapanda boda. Ndege usiyemjua muandike "hajulikani", pamoja na idadi na ukubwa wake. Ndege wadogo wa topeni Januari wengi wana rangi ya kijivu, na wataalamu wenyewe hukaa juu ya mmoja kwa dakika kumi. Kumpa jina kwa kubahatisha ili karatasi ipendeze ni jamaa wa ile 810.

Kuna safu moja niliyokuwa naidharau, safu ya usumbufu: mbwa, watoto, mashua, wapiga picha. Niliijaza kwa uvivu mpaka ulipoitishwa mkutano wa watu wanaotumia ufuo, wavuvi na waongoza wageni na sisi. Tulikuwa na karatasi za miaka minne, na kwenye kila moja fungu lile lile lilikuwa na maneno "wameruka, mbwa" au "wameruka, mashua ya wageni imekaribia". Ndege anayerushwa maji yakiwa yamejaa hana pa kutua, anachoma mafuta aliyoyaweka kwa safari ya Siberia. Hakuna aliyebishana na karatasi zile. Wenye mashua wenyewe ndio waliopendekeza kwamba siku za bamvua, saa mbili kabla na baada ya maji kujaa, wapite upande wa pili. Si sheria ya serikali, na kuna wanaoisahau, lakini naitazama kila Januari, na fungu lile linakaa kimya zaidi kuliko nilivyolikuta. Nilipotoka mkutanoni nilimpigia Mama, nikashindwa kusema vizuri. Koo lilinikaba.

Mwaka huu nilikwenda na binti wa jirani, yuko kidato cha tatu. Tulisimama mgongo kwa mgongo, tukahesabu wala-kaa bila kuambizana. Mimi nilipata 338, yeye 351. Tukarudia: 344 na 346. Yule mzee wa mtumbwi alikuwa amekaa kwenye kivuli cha mkandaa. Nikamuuliza wametokea wapi, akanyoosha kidole fungu la kaskazini, akasema wote wamekuja pamoja, kule hakubaki mtu. Binti akaandika 344, saa kumi na dakika tano, kutoka kaskazini. Kisha akaelekeza darubini mbali, kwenye mstari mwembamba wa vitone karibu na mikoko ya ng'ambo.

"Na wale, Mjomba? Ni kama sululu."

"Unaona mdomo?"

Akatazama muda mrefu.

"Sioni."

"Ni wangapi?"

"Arubaini hivi. Nihesabu tena." Akahesabu tena, midomo ikitembea bila sauti, kisha akainamia karatasi na kuandika kwa penseli: hawajulikani, 37.